Umeacha Nini, Umebaki na Nini?

Mwishoni mwa 2023, usiku wa saa nne hivi, oda iliingia kwenye simu yangu: kurasa nane kuhusu maisha ya kazi ya mwigizaji yeyote Mwingereza aliyecheza jukwaani na kwenye filamu. Makataa, kesho kutwa asubuhi. Aliyeitaka alikuwa mwanafunzi wa chuo fulani ng'ambo ambaye simjui jina wala sura.

Kama kazi hii huijui, wacha nikueleze. Tuko vijana wengi hapa Kenya tunaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Yeye anapata alama, mimi napata kodi ya nyumba. Si kazi ya kujivunia na sitaipamba. La kuchekesha zaidi ni kwamba chuo chenyewe mimi nilikiacha nikiwa mwaka wa tatu. Nimewasaidia watu kupata digrii ambayo mwenyewe sina. Cheka tu, mimi nilishacheka nikachoka.

Nilimchagua Glenda Jackson kwa uvivu. Alikuwa amefariki Juni mwaka huo huo akiwa na miaka 87, kwa hiyo habari zake zilikuwa bado moto na rahisi kupata. Niliandika kurasa nane, nikatuma, nikalipwa. Lakini kuna jambo lilinikwama kooni ambalo halikuingia kwenye zile kurasa. Ndilo ninaloliandika hapa, safari hii kwa jina langu.

Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyepewa kipaji, je, ana deni? Na kama analo, anayemdai ni nani?

Naanza na nyumbani, kwa sababu swali hili lilinipata huko kabla sijamsikia Glenda Jackson. Mimi ni mtu wa Msambweni. Mwaka 2016, mwaka ambao mtihani wa kidato cha nne ulikazwa na alama zikaanguka nchi nzima, nilipata A ya hesabu. Kijijini neno moja likaanza kunifuata kila nipitapo: kipaji. Huyu mtoto ana kipaji. Julai 2017 ikaitishwa harambee ya karo chini ya mwembe wa kwetu. Ilikuwa msimu wa kampeni, kwa hiyo waheshimiwa walikuwa na mkono mwepesi. Lakini waliobeba shughuli yenyewe walikuwa majirani. Mjomba ndiye aliyeshika kipaza sauti, na kila alipoona watu wamenyamaza alirudia, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!" Mama, ambaye huuza mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni, alikaa pembeni na daftari la kurasa 96. Kila aliyetoa aliandikwa jina na kiasi. Elfu mbili. Mia tano. Bibi mmoja muuza samaki wa kukaanga, mia mbili. Majina 61.

Nikaenda Nairobi kusoma uhandisi. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Vilipofunguliwa, mimi sikurudi. Ningependa kukwambia ni karo, maana karo ni sababu ambayo haina aibu. Ukweli ni kwamba masomo niliyaweza, ila sikuyataka. Nilitaka kuandika. Basi.

Sasa turudi kwa huyu mama wa Kiingereza.

Glenda Jackson alizaliwa 1936 Birkenhead, upande wa pili wa mto kutoka Liverpool. Baba yake alikuwa mwashi. Mama yake alifanya vibarua vya usafi na vya dukani. Glenda alikuwa wa kwanza katika mabinti wanne. Shule aliiacha akiwa na miaka 16 akaenda kuuza katika duka la dawa kwa miaka miwili, na kuigiza kulianza kama jambo la jioni tu, na kikundi cha watu wa mtaani. Baadaye akapata nafasi RADA, chuo cha uigizaji kule London, na huko akaambiwa asitarajie kazi nyingi kabla ya kufika miaka 40. Kweli ikafuata miaka ya kuzungukazunguka na makundi ya tamthilia ya mikoani, na miaka mingine ya kukosa kazi kabisa.

Mambo yalibadilika 1964 alipoingia Royal Shakespeare Company. Mwelekezi Peter Brook alimpa sehemu katika Marat/Sade, mchezo ambamo wagonjwa wa hospitali ya wenda wazimu wanaigiza mauaji ya mwanamapinduzi Marat. Jackson alikuwa mgonjwa anayemwigiza muuaji. Mchezo ukavuka bahari hadi New York. Kisha zikaja filamu. Women in Love ilimpa tuzo ya Oscar ya mwaka 1970. Mwaka 1971 alikuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Elizabeth R ya BBC, akakubali kunyolewa nywele za mbele ili paji la uso lifanane na la malkia. Filamu ya vichekesho, A Touch of Class, ilimpa Oscar ya pili, ya mwaka 1973. Mara zote mbili hakuhudhuria sherehe. Zile sanamu zilikaa kwa mama yake, na aliwahi kusimulia kwamba mama alizisugua na kuzing'arisha hadi rangi ya dhahabu ikaanza kutoka.

Hapo kwa mama yake nilisimama kidogo. Lile daftari la kurasa 96, mama yangu amelifunga kwa karatasi ya nailoni na kuliweka kabatini pamoja na hatimiliki ya shamba.

Halafu, 1992, akiwa na miaka 55, Glenda Jackson aliacha. Hakuumwa, hakukosa kazi, wala hakuna aliyemchoka. Aligombea ubunge kwa tikiti ya Labour katika eneo la Hampstead and Highgate, London kaskazini, akalinyakua kutoka kwa Conservative. Alikuwa amechukizwa na yale aliyoona serikali ya Margaret Thatcher imewafanyia watu wa aina ya wazazi wake, na aliona kulalamika nyumbani hakutoshi. Akabaki bungeni miaka 23. Katika miaka yote hiyo hakupanda jukwaani.

Wengi walisikitika. Na swali lao si la kijinga. Wabunge wanapatikana, Glenda Jackson alikuwa mmoja. Mtu anayeweza kufanya ukumbi mzima usahau kupumua, ana haki gani ya kwenda kukaa kwenye vikao vya kamati?

Kiswahili chenyewe kinaonekana kuwaunga mkono waliosikitika. Kipaji ni neno lililozaliwa na kupa. Mpaji ni anayetoa, kipaji ni kilichotolewa. Kwetu pwani ukipewa kitu ukiweke, tunakiita amana, na amana hailiwi wala haitupwi. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Alimchukua mtu mwenye kipaji anayependa starehe kuliko kujisumbua, akauliza kama tunaweza kutaka iwe kanuni ya watu wote kwamba vipaji viachwe vioze. Akajibu hapana. Mwenye akili timamu, alisema, lazima atake uwezo wake ukuzwe, kwa sababu utamfaa kwa mambo ya kila namna.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilijiona nimeshikwa shati. Lakini soma tena: kwa mambo ya kila namna. Kant anakataza kuoza. Hasemi kwamba aliyezaliwa na sauti lazima awe mwimbaji hadi kaburini. Na mtu mmoja huwa na vipaji vingi kuliko vile vilivyopigiwa makofi. Jackson alikuwa na sauti, alikuwa na akili, na alikuwa na hasira ya mtoto wa mwashi. Ulimwengu ulikuwa umelipia hivyo viwili vya kwanza tu.

Kwa hiyo nadhani tunapomwambia mtu "unapoteza kipaji chako," mara nyingi tunamaanisha kitu kingine. Tunamaanisha: unatunyima sisi. Tulizoea kukutazama. Tuna methali tamu, mcheza kwao hutunzwa. Lakini kutunza si kununua. Ukimtunza mchezaji noti mbele ya ngoma, hukumnunulia miguu yake ya kesho.

Je, alifaulu huko alikoenda? Hapa sitaki kukudanganya kwa ajili ya hoja yangu. Labour walipoingia madarakani 1997 alipewa wadhifa mdogo katika wizara ya uchukuzi, akauacha 1999. Alitaka tikiti ya chama ya kugombea umeya wa London, akashika nambari tatu. Alikipinga chama chake mwenyewe kuhusu vita vya Iraq, na vita vikaendelea. Mwaka 2010 aliponea kwa kura 42. Hakuna sheria kubwa inayoitwa kwa jina lake. Hotuba yake inayokumbukwa zaidi ni ya Aprili 2013, wiki ambayo Thatcher alifariki, wabunge walipokutana kutoa rambirambi. Yeye alisimama akaeleza madhara aliyoyaona, huku upande wa pili ukimzomea, naye hakutetereka. Ukiitazama utaona mwigizaji hajaenda popote: pumzi iko pale, vituo viko pale, sauti inafika mwisho wa ukumbi bila kupigwa kelele.

Lakini mbunge wa Uingereza ana kazi nyingine isiyo na kamera. Anakaa na watu wa eneo lake, mmoja mmoja, wakimletea nyumba zinazovuja, barua za kufukuzwa, posho zilizokatwa. Miaka 23 ya hiyo. Huwezi kuipa Oscar, na haipo kwenye kanda yoyote. Kama kipaji ni deni, naona alikuwa akililipa, kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kumwona akiigiza.

Alistaafu ubunge 2015. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani, ukumbi wa Old Vic, London, na hakuchagua sehemu ya bibi anayekaa kwenye kiti akicheza mistari mitatu. Alicheza Mfalme Lear. Sehemu ya mwanamume, ndefu, ya kupiga kelele dhidi ya dhoruba na kubeba maiti ya binti. Baada yake alishinda tuzo ya Tony 2018 New York kwa Three Tall Women, akamcheza Lear tena Broadway 2019, akaigiza bibi anayepoteza kumbukumbu katika Elizabeth Is Missing ya BBC mwaka huo huo, na kumalizia na The Great Escaper pamoja na Michael Caine, filamu iliyotoka miezi michache baada ya kifo chake.

Ni huyo Lear aliyenikwama kooni. Kwa sababu Lear pia ni hadithi ya mtu anayeacha. Mchezo unaanza na mfalme mzee aliyechoka kutawala. Anawagawia mabinti ufalme ili azeeke bila mzigo. Lakini ana sharti: abaki na jina la mfalme, na abaki na askari mia wa kumfuata kila anakokwenda. Yaani kazi anaiacha, heshima anabaki nayo. Maafa mengi yanayofuata yanaanzia kwenye hesabu hiyo mbaya. Mabinti wanapunguza askari, kutoka mia hadi hamsini, hadi ishirini na tano, hadi mtu wanauliza hata mmoja wa nini, na mzee anaona kama anavuliwa ngozi.

Glenda Jackson alifanya kinyume. Makofi aliyaacha, kazi akaitafuta. Nadhani hapo ndipo penye mstari kati ya kuacha na kukimbia, na ndipo nilipopata swali bora kuliko lile nililoanza nalo. Mtu akiacha jambo, usimuulize kama alikuwa na kipaji nalo. Muulize: umeacha nini, na umebaki na nini?

Na hapo mimi ndipo niliposhikwa.

Kwa sababu sijakwambia bado kwamba nilipoacha chuo 2020, sikumwambia mama. Sikumwambia mtu. Nilipokwenda nyumbani sikukuu, watoto wa mtaa waliniita Injinia na niliitika. Wazee waliniuliza ukuta huu utasimama kweli, nikautazama kwa macho yaliyofinywa na kutoa maoni. Mwaka 2022, mwaka ambao ningehitimu, mama aliuliza, "Mahafali lini, mwanangu? Nataka nishone." Nikasema korona imevuruga kalenda. 2023 akauliza tena, nikasema wahadhiri wako kwenye mgomo. Katika nchi hii uongo huo ni rahisi kuuamini. Ule usiku wa oda, nilipokuwa nikimwandikia mtu asiyenijua habari za askari mia wa Lear, askari wangu mimi walikuwa 61, wameandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye daftari.

Kuacha chuo halikuwa kosa langu. Hilo naliamini mpaka leo. Kosa lilikuwa kuacha kazi na kubaki na saluti.

Kuna atakayenipinga hapa, na ana haki. Atasema: huyo mama wa Oscar mbili alikuwa na jina, hata angeshindwa uchaguzi, mlango wa jukwaa ungefunguliwa. Wewe mtoto wa muuza mahamri, mlango wako ukifunga umefunga. Usijilinganishe. Ni kweli. Kuacha kuna bei tofauti kwa watu tofauti, na sisi tunaotoka mikononi mwa wengi tunaacha kwa bei ghali zaidi, kwa sababu tunaacha pamoja na pesa za watu. Simshauri mtu yeyote aache chuo. Ila bei kubwa haibadilishi swali. Inalifanya liwe la haraka zaidi.

Nilimwambia mama Idd ya Aprili 2024, jikoni, watu wengine wakiwa wameshaondoka. Hakulia. Aliendelea kusuuza sahani mpaka zikaisha, akajifuta mikono, akaenda kabatini akarudi na daftari. Akaliweka mbele yangu.

"Mimi nitapoa," akasema. "Na hawa je?"

Nikaenda. Nyumba kwa nyumba, wiki mbili. Kati ya majina 61, kumi na moja wameshatangulia mbele za haki. Wengine wamehama. Nilionana na 38. Sikuwa na pesa za kuwarudishia, nilikuwa na maneno tu: nilikiacha chuo tangu 2020, nikanyamaza, nisameheni, na kilicho chenu nitakirudisha pole pole. Wengine walicheka. Mmoja aliniambia alishajua zamani, Nairobi si mbali. Mjomba, yule wa kipaza sauti, alinisikiliza hadi mwisho akanyanyuka na kuniacha pale barazani. Mpaka leo simu zangu hapokei, na sidhani amekosea.

Yule bibi wa samaki nilimkuta kwenye karai lake. Nilipomaliza, aligeuza samaki kwanza.

"Mia mbili yangu nilikutunza, sikukukopesha," akasema. "Hiyo usinirudishie. Lakini miaka yote hii nilikuwa nakutaja. Nilikuwa nasema, Injinia wetu. Umenifanya niseme uongo na mimi sijui. Hilo ndilo unalodaiwa."

Nikamuuliza, nilipe vipi, bibi? Akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. "Huyu hesabu zinampiga," akasema.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini nilikuwa nimekosea sarafu. Nilidhani wananidai digrii. Nikadhani wananidai kile kipaji chenyewe, nikitumie mahali pale pale walipokiona. Kumbe kipaji hakiwezi kukudai, ni watu ndio wanaodai, na ukiwauliza watakwambia wanataka nini. Mara nyingi ni kidogo kuliko tulivyoogopa, na ni kigumu zaidi.

Kila likizo ya shule sasa nakaa Msambweni wiki mbili tatu. Asubuhi tunakaa chini ya ule ule mwembe, huyo kijana na wenzake sita, na aljebra. Oda za insha nimezipunguza, sijaziacha zote. Kodi haisubiri falsafa, na najua nikisema hivyo ni sauti ya mtu ambaye bado ana askari kadhaa wa kuwaachilia. Mama bado ana daftari. Kila ninapomtumia kitu, anachagua jina, anapeleka, kisha anachora mstari. Mistari imefika kumi na minne.

Watoto bado wananiita Injinia. Nawaambia sivyo. Wanacheka, wananiita tena. Lakini sasa siitiki.